Upepo wa Pebble Beach

Tarehe 21 Juni 1992 nilikuwa Marekani kwa masomo, na Jumapili hiyo nilikaa mbele ya televisheni ya bweni nikitazama mchezo ambao mpaka hapo sikuuelewa sana. Ilikuwa duru ya mwisho ya Mashindano ya Wazi ya gofu ya Marekani, huko Pebble Beach, California, kwenye uwanja ulio ukingoni mwa bahari ya Pasifiki.

Colin Montgomerie wa Scotland alianza mapema, akamaliza kwa mapigo 70. Jack Nicklaus, bingwa mkongwe, akampongeza kana kwamba kombe amekwisha kulitwaa. Kumbe upepo ulikuwa unazidi, na walioongoza walikuwa bado uwanjani. Gil Morgan, aliyeianza siku akiwa wa kwanza, alitumia mapigo 81. Tom Kite, mtu wa miaka 42 (karibu rika langu), alifika shimo la 7, lenye yadi 107 tu, akalikosa eneo la shimo. Akaupiga mpira kutoka pembeni, ukatumbukia moja kwa moja. Alimaliza kwa 72, akashinda kwa tofauti ya mapigo mawili.

Je, ndugu msomaji, Morgan alistahili 81? Utasema upepo ni sehemu ya mtihani, na Kite naye alivumiwa na upepo uleule. Nakubali, nusu. Mpira ule wa shimo la 7 ungeweza kulipita shimo, na sisi tungekuwa tunasimulia ushujaa wa mtu mwingine.

Laiti ningalikumbuka hayo miaka miwili baadaye, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu! Nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Mvua ikashuka juu ya mabati. Mwanachuo yule alipaza sauti mpaka ikamkauka, watoto wasisikie neno. Andalio lake la somo lilikuwa safi kabisa. Nikamfelisha. Mwenzake, niliyemkagua asubuhi jua likiwaka, alifaulu kwa andalio hafifu.

Nilijitetea kwamba mwalimu hodari angaliacha kusema, akaandika ubaoni. Ni kweli, angaliweza. Lakini yule wa asubuhi hakuulizwa swali hilo.

Kanuni ziliniruhusu kurudi kumkagua mara ya pili. Sikurudi. Gari la chuo lilikuwa likisubiri, na barabara ilikuwa inaharibika kwa mvua ileile.