Ng'ambo Iliyo Karibu

Mtu akisema anakwenda kuwaona ndugu nje ya nchi, wengi hufikiria ndege na viza. Sisi wa Oli na Koboko, hapa Uganda, shangazi yetu yuko Ariwara, Congo, na bodaboda inafika.

Mpaka wetu na Congo ulichorwa juu ya familia. Eneo letu la West Nile lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909, likahamishiwa Sudan mwaka 1910, kisha Uganda mwaka 1914. Watu wa kabila la Wakakwa wakajikuta wamegawanywa katika nchi tatu. Na mwaka 1979, Rais Idi Amin alipoanguka, watu wetu wengi walikimbilia huko huko kwa ndugu, wakapokelewa.

Basi ukienda, usiishie sebuleni. Angalia barabara: huku tunaendesha kushoto, kule kulia, na dereva hubadili upande pale pale mpakani. Saa nayo inarudi nyuma kwa saa moja. Ukiondoka mapema unaweza kumkuta shangazi bado hajabandika chai! Mwambie akupeleke sokoni, ukale sombe na samaki huku ukisikiliza Kiswahili, Kilingala na Kilugbara kwenye meza moja. Ukiwa Koboko, fika Salia Musala, zinapokutana Uganda, Congo na Sudan Kusini. Wapo wanaokwenda Kampala kutembea na hawajawahi kupaona. Ajabu kweli.

Likizo hii wapeleke watoto. Beba kitambulisho, pitia njia halali, na usiende mikono mitupu.