Uhalisia Usio na Matanga: Vita vya Kubuni katika Mafunzo ya Makamanda

Neno uhalisia limezoeleka mno katika uhakiki wa fasihi hata tukasahau kwamba si mali ya wahakiki peke yao. Wanajeshi nao hulitumia. Afisa anayeandaliwa kuongoza kikosi hukalishwa mbele ya kompyuta, akapewa ramani, majeshi na adui wa kubuni. Hupokea taarifa, hutoa amri, kisha programu humrudishia matokeo ya amri zake. Zoezi likimalizika, waratibu huulizana swali ambalo kwa hakika ni letu: je, lilikuwa na uhalisia? Makala haya yanadhamiria kulitazama swali hilo kwa jicho la mhakiki, na kudai kwamba kipimo cha uhalisia wa aina hii ni cha kimaadili kabla ya kuwa cha kiufundi.

Mfano ulio karibu nasi ni Carana, nchi isiyokuwapo, iliyobuniwa kwa ajili ya mafunzo ya ulinzi wa amani. Umoja wa Afrika uliitumia katika zoezi la ukamanda la Amani Africa lililofanyika Addis Ababa mwezi Oktoba 2010. Nchi hiyo iliwekwa katika kisiwa kiitwacho Kisiwa, ikapewa mji mkuu wa Galasi na makabila ya Wafalin, Wakori na Watatsi. Kwa upande wa fani, kazi hii haina upungufu mkubwa: ina mandhari, wahusika, historia na mgogoro. Sababu ya kuibuni inaeleweka pia, kwani hakuna serikali ambayo ingeridhia kutajwa kuwa ndiyo iliyosambaratika. Hata hivyo, msomaji wa Kakamega, mji ulioonja ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hawezi kuisoma Carana kama ngano ya mbali. Malalamiko ya kabila moja dhidi ya jingine anayajua, na wakimbizi wa ndani ya nchi yao anawajua kwa sura. Je, ufanano huu ndio uhalisia?

Fasihi yetu inakanusha. Utenzi wa Tambuka, ambao Mwengo bin Athumani aliutunga Pate mwaka 1728, unasimulia vita vikali baina ya Waislamu na majeshi ya Herekali. Katika historia, msafara wa Tabuk wa mwaka 630 ulirejea bila ya kukutana na jeshi la Warumi. Tukipima kwa ufanano, basi, utenzi huu umeshindwa. Lakini hakuna msomaji makini anayeuona kuwa mtupu, kwa sababu vita vyake vyote vimesimama juu ya kifo cha mtu mmoja mwenye jina: Jaafar, aliyeuawa Muta. Kifo hicho hakifutiki, nacho kinadai. Uzito wa kazi unatoka hapo, wala hautoki katika usahihi wa tukio.

Katika uigaji wa kompyuta, kifo kina tabia nyingine. Tangu mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipochapisha kanuni zake za hesabu mwaka 1916, imewezekana kukisia kasi ya majeshi mawili kupunguzana, na programu nyingi za vita zimejengwa juu ya wazo hilo. Aliyekufa huwa tofauti ya tarakimu mbili. Isitoshe, tofauti hiyo yaweza kurekebishwa. Mwaka 2002, katika zoezi kubwa la Marekani lililoitwa Millennium Challenge, jenerali mstaafu Paul Van Riper aliongoza upande wa adui. Alituma ujumbe kwa waendesha pikipiki ili asinaswe na mitambo, akazamisha meli 16 katika kompyuta. Waratibu waliziibua meli hizo, wakambana kwa masharti, naye akauacha uongozi wa upande wake. Hadithi ilikataliwa kwa kuwa mwisho wake haukumpendeza mwenye kuiagiza.

Hapana budi kuusikiliza utetezi wa mwanajeshi. Atasema kwamba zoezi lipo ili makosa yawe rahisi. Ni heri askari elfu wafe katika kioo kuliko mmoja kufa msituni, na zoezi ghali lisilorudiwa halimfundishi mtu. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuipingi. Lakini kosa kuwa rahisi ni jambo moja, na kosa kutokuwa na mwenyewe ni jambo jingine. Anayezoea kuona meli zikiibuka hujifunza pia, bila ya kufundishwa, kwamba hasara ni jambo la kujadiliana na waratibu. Tarehe 15 Januari 2016, al-Shabaab waliivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia. Huko hapakuwa na mratibu wa kurudisha saa nyuma. Majeneza yalifika nyumbani, na matanga yakakaliwa na watu ambao hawamo katika programu yoyote.

Kwa hiyo twapendekeza kigezo kingine. Zoezi lina uhalisia pale linapomruhusu kamanda kushindwa, likaiacha hasara yake isimame hadi mwisho, na likamtaka aijibu. Si lazima picha ziwe bora wala milio iwe kama ya bunduki. Yatosha askari wa kubuni wapewe majina, na jioni kamanda aketi na kalamu amwandikie mama wa kila aliyekufa, aeleze kwa nini alimpeleka pale. Barua hizo hazitapelekwa popote. Lakini ambaye mkono wake umesita juu ya karatasi mara moja, huenda ukasita tena juu ya ramani siku ambayo askari ni wa kweli.