Mlango na Jina Lake
Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini je, mlango hufunguka kwa kubadilishwa jina tu? Januari 2024 Kenya iliwaondolea viza wageni wote. Mahali pake ikaweka idhini ya safari, iliyoombwa kabla ya kuondoka na kulipiwa dola 30 za Marekani. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walisamehewa. Ila Waafrika wengine, waliokuwa wakiingia bila viza, wakatozwa. Mwaka 2025 msamaha ukaenezwa kwa karibu Afrika yote. Taifa lina haki ya kumjua aingiaye nyumbani mwake. Kosa ni kuuita ushuru ukarimu. Ukarimu hupimwa kwa mzigo aliotuliwa mgeni, si kwa jina la karatasi.