Je, Sitiari Inaweza Kuwa na Hatia?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fasihi huanza na orodha. Tashbihi hulinganisha vitu viwili kwa kutumia maneno kama vile "kama", "mithili ya" au "mfano wa". Sitiari hulinganisha bila maneno hayo: hatusemi kwamba mtu ni kama simba, tunasema ni simba. Tashihisi hukipa kisicho mtu sifa za mtu. Tafsida hulifunika jambo zito au la aibu kwa maneno laini. Nilizikariri zote nilipoanza kusoma Kiswahili hapa Rwanda, na juu ya ukurasa wa daftari langu nikaandika: "Tamathali za semi ni mapambo ya lugha." Katika insha hii nataka kueleza kwa nini nimelifuta neno "mapambo".

Likizo moja nilikuwa nyumbani kijijini, nikimsaidia bibi yangu kuchambua maharagwe huku najiandaa kwa mtihani. Nilikuwa nasoma kwa sauti na kumtafsiria kwa Kinyarwanda, kwa kuwa yeye hupenda kujua ninachosoma. Nilipofika kwenye sitiari nikampa mfano wa daftarini: "Jirani yule ni nyoka." Akaacha maharagwe.

"Nyoka akionekana uani, watu hufanya nini?"

"Humpiga mpaka afe."

"Na jirani?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi tafuta mfano mwingine, mjukuu wangu," akaendelea na kazi yake.

Bibi hakusoma fasihi, lakini mwaka 1994 alikuwa mtu mzima, na alisikia kwa masikio yake jinsi tamathali zilivyotumika katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu waliitwa "inyenzi", yaani mende, na "inzoka", yaani nyoka. Katika miaka ya 1960 jina la mende lilitumika kwa wapiganaji waliokuwa wakishambulia kutoka uhamishoni. Kufikia miaka ya 1990 lilikuwa limepanuliwa hadi kumhusu Mtutsi yeyote, hata mtoto aliye mgongoni. Redio ya RTLM, iliyoanza kutangaza Julai 1993, ililirudia jina hilo hewani. Na kuua kuliitwa "gukora", kufanya kazi. Hiyo ni sitiari na tafsida zikisaidiana: ya kwanza ilimwondoa mtu katika ubinadamu, ya pili ikaliondoa tendo katika uovu. Aliyetoka asubuhi na panga hakuhitaji kusema anakwenda kumwua jirani. Alisema anakwenda kazini.

Hapo ndipo nilipoielewa upya tofauti ya tashbihi na sitiari, ambayo darasani huonekana kuwa ndogo sana. Neno "kama" huviacha vitu viwili vibaki viwili. Nikisema jirani ni kama nyoka, msikilizaji anaweza kuniuliza: kwa jambo gani? Sitiari hulifunga swali hilo. Jirani amekwisha kuwa nyoka, na kinachofaa kwa nyoka kinaonekana kumfaa naye.

Mwenzangu mmoja alipinga. Alisema waliokosa ni watu. Panga hushikwa na mkono, halishikwi na tamathali. Nakubaliana naye kwamba sitiari yenyewe haiwezi kufungwa jela. Lakini aliyeitamka anaweza. Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari: wawili waliohusika na uanzishaji wa RTLM na mmoja aliyekuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia adhabu, lakini haikumwachilia huru hata mmoja. Kwa hiyo, kusema "nilikuwa natumia lugha tu" si utetezi. Ulimi hauna mfupa, lakini una mwenyewe.

Pingamizi la pili lilinisumbua zaidi. Je, tukianza kuogopa sitiari za wanyama, fasihi itabaki na nini? Fortunatus Kawegere alitafsiri riwaya ya George Orwell akaiita Shamba la Wanyama, na humo watawala ni nguruwe. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, na diwani yake Sauti ya Dhiki, yenye mashairi aliyoyatunga gerezani, ilitoka mwaka 1973. Mojawapo ya mashairi hayo linaitwa "Mamba", na wasomaji wengi humwona mamba huyo kuwa ni mtawala anayejiona hatashindwa kamwe. Je, Kawegere na Abdilatif nao wana hatia?

Kwa mtazamo wangu, hawana, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, mamba wa mshairi anaeleza matendo: tunaonyeshwa anachofanya mwenye nguvu, naye akiacha kukifanya, sitiari inamvuka. Mende wa redio alieleza uzawa. Hakuna tendo ambalo mtu angeacha ili asiwe mende tena. Pili, mamba hutufanya tumtazame mtawala kwa makini kuliko jana. Mende alitufanya tusimtazame jirani kabisa: tusione jina lake, watoto wake, wala chumvi tuliyoazimana. Sitiari njema huongeza kuona. Ile mbaya hupofusha.

Kipimo hicho kinafaa hata kwa tafsida. Tunaposema marehemu "ametutoka", tunajua kwamba amekufa. Tunalainisha neno ili lisimchome mfiwa, tena kila aliyepo anajua kilicho chini ya maneno. Tafsida ya "kazi" haikumlinda aliyeumizwa. Ilimlinda aliyeumiza, ili asisikie sauti ya tendo lake mwenyewe. Kwa hiyo, tunapokutana na tafsida katika habari, katika hotuba au hata katika mizaha yetu ya bwenini, inatupasa tuulize: neno hili laini limelainishwa kwa ajili ya nani?

Naandika haya kwa sababu hatari hiyo haikuisha mwaka 1994, wala haiko Rwanda tu. Wanafunzi huitana majina ya wadudu kwa sababu ya kabila, umaskini au nchi ya uhamishoni, kisha husema ni utani. Huenda kweli ni utani. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na anayesikia hasikii nia yetu, anasikia neno letu.

Kwa kuhitimisha, sipendekezi tamathali ziondolewe darasani. Napendekeza tuongeze swali. Karatasi zetu za mtihani hutuambia: "Taja tamathali iliyotumika na utoe mfano." Ningependa zituulize pia: inamtaka msikilizaji afanye nini, na ni nani atakayelipa akifanya hivyo? Mwanafunzi anayeweza kutaja sitiari bila kujibu swali hilo anajua jina la dawa tu; hajui inaponya au inaua.

Katika mtihani ule tuliombwa mfano wa sitiari. Niliandika: "Bibi ni nguzo ya nyumba yetu." Mfano huo ni wa kawaida sana, nakiri. Lakini nilijiuliza kwanza watu huifanya nini nguzo, nikaona kwamba huitunza.