Uso na Neno: Mazungumzo ya Ana kwa Ana Meru na Embu

Je, neno huwa na uzito uleule likitengwa na uso wa alisemaye? Fasihi simulizi huzaliwa baina ya fanani na hadhira. Ciarunji Chesaina alipochapisha kitabu chake kuhusu fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere mwaka 1997, alihifadhi maneno. Lakini vicheko na vipingamizi vya hadhira havihifadhiki kikamilifu karatasini.

Simu nayo haifai kubezwa: humkurubisha mama aliyeko Runyenjes kwa mwanawe aliyeko Nairobi. Hata hivyo, humwezesha msemaji kukata mazungumzo pindi atakiwapo kujibu. Mbele ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru lenye makao yake Nchiru, mlalamishi na mlalamikiwa hawana mwanya huo. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inautambua usuluhishi wa jadi.

Hatudai kwamba uso ndio haki. Baraza hilo kiasili ni la wanaume, na mwanamke au kijana huweza kunyamazishwa na macho ya wazee. Kwa hivyo, thamani ya ana kwa ana haimo katika kukaribiana kwa miili, bali katika wajibu wa kujibu na haki ya kujibiwa. Pasipo hayo, baraza na simu ni mamoja.