Amri ya Nne na Simu ya Mkononi

Somo: Kumbukumbu la Torati 5:12-15



Tumezoea kuisikia Amri ya Nne kana kwamba yasema na kila mtu juu ya mapumziko yake mwenyewe tu. Lakini tukiisoma polepole twaona kwamba Mungu anasema na mwenye nyumba, naye anamtajia wengine walio chini ya mkono wake: mwana na binti, watumishi, ng'ombe na punda, hata mgeni. Wote hao wapumzike. Na sababu yatolewa pale pale: Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa Misri. Aliyetolewa utumwani asimtie mwenzake utumwani.

Amri hii yawahusu leo vijana wengi wa bonde letu la Kilombero walioajiriwa katika kazi za kompyuta na simu. Wako hapa hapa Ifakara, ambapo maabara ndogo ya utafiti iliyoanza katika miaka ya 1950 imekua ikawa taasisi kubwa ya afya, yenye kuhitaji watu wa kutunza takwimu. Wengine wako Dar es Salaam, katika mabenki na makampuni ya simu. Kazi yao ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ina taabu ambayo wazee wetu hawakuijua.

Mkulima wa mpunga naye alichoka sana. Mvua zilipokaribia, jamaa nzima walihamia shambani, wakakaa kibandani miezi mingi, wakilima na kufukuza ndege. Hata hivyo walihama pamoja. Walikula chungu kimoja, na giza lilipoingia jembe liliwekwa chini. Mfanyakazi wa kompyuta hahami. Kazi ndiyo imehamia kwake. Yuko mezani na wanawe, mara simu inalia: mtambo umesimama, wateja hawawezi kutuma fedha. Anainuka. Usiku wa manane inalia tena. Jumapili yuko kanisani, na mkono u mfukoni. Mwili uko nyumbani, moyo uko kazini, na watoto wanazoea kutosema naye.

Yako na mazito zaidi. Kule Nairobi vijana waliajiriwa kutazama picha za mauaji na ukatili zinazopelekwa katika mitandao kama Facebook, ili ziondolewe wengine wasizione. Wengi wao walieleza kwamba kazi hiyo iliwajeruhi nafsi. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 walikutana mjini humo wakaamua kuunda chama chao cha wafanyakazi. Hao watufundisha kwamba saa ya kutoka kazini ikifika, nafsi nayo yahitaji muda wa kutua mzigo.

Labda mtu atasema, "Ndiyo kazi ya siku hizi, asiyeiweza aache." Sheria ya nchi yetu haisemi hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kwa kawaida kikomo cha saa 45 za kazi kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Je, Mkristo mwenye kuajiri afanye pungufu ya hapo? Yethro alipomwona Musa akiamua watu tangu asubuhi hata jioni, hakumsifu kwa bidii yake. Alimwonya kwamba atachoka yeye na watu pia, akamshauri agawe kazi (Kutoka 18). Wauguzi wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko wanajua maana ya zamu. Basi na mwenye ofisi apange zamu, na aliyelinda mitambo usiku asipigiwe simu mchana.

Lakini tusiwanyoshee kidole waajiri peke yao. Kijana mwenye mshahara yu chini ya mkono wa jamaa zake pia. Kila ada, kila msiba, kila harusi, simu yapigwa kwake. Anaogopa kukataa kazi ya Jumapili kwa kuwa anajua ni macho mangapi yanayomtazama. Basi, mzazi unayepiga simu mjini juma hili, kabla ya kumwuliza atatuma nini, mwulize alilala saa ngapi, na kama amekula pamoja na wanawe. Ukisikia amechoka, mwambie, "Pumzika kwanza, mwanangu, hayo mengine yatangoja." Huenda hajaambiwa neno hilo na mtu yeyote mwaka mzima.

Nanyi vijana, msidhani kwamba dunia itasimama mkilala. Bwana Yesu alipoona wanafunzi wake wamekosa hata nafasi ya kula, aliwaita kando wapumzike (Marko 6:31). Nao walikuwa katika kazi ya Injili! Aliyewahurumia hao awahurumia na ninyi.

Mungu atujalie kupumzika, na kuwapumzisha wenzetu. Amina.