Ridhaa ya Asiyeweza Kukataa

Walimu wetu wa sayansi hufundisha kwamba ujuzi hauna kabila wala rangi. Ni kweli, lakini ujuzi una historia, na katika historia hiyo mna watu walioulipia kwa miili yao. Hapa tutautazama ujuzi mmoja tu, nao ni ule wa kutibu fistula, ambayo baadhi yetu huiita nasuri ya uzazi.

Maradhi haya hutokana na uchungu wa kuzaa uliozidi muda wake. Mtoto akikwama, kichwa chake huikandamiza nyama laini ya mama kwenye mfupa wa nyonga siku mbili au tatu. Damu haipiti, nyama ile hufa, na mahali pake hubaki tundu baina ya uke na kibofu cha mkojo, au baina ya uke na njia ya haja kubwa. Aghalabu mtoto hufa. Mama husalia na mkojo usiozuilika usiku wala mchana, na harufu yake, na aibu isiyokuwa yake. Wengi wameachwa na waume zao wakarudishwa kwa wazazi, wakalazwa chumba cha uani. Tuseme wazi kwamba hapana ulozi wala uzinzi katika jambo hili, ingawa mengi yamesemwa. Pana njia nyembamba ya uzazi na hospitali iliyo mbali.

Kwa karne nyingi hapakuwa na tiba ya kutegemewa. Kisha, kati ya mwaka 1845 na 1849, katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama huko Marekani, daktari aitwaye James Marion Sims aliwakusanya wanawake watumwa wenye maradhi haya katika hospitali ndogo uani kwake, akawapasua tena na tena. Majina matatu yametufikia: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha alipasuliwa mara 30 hivi. Hawakupewa dawa ya usingizi. Watetezi wa Sims husema kwamba dawa hiyo ilikuwa ngeni, na kweli ilionyeshwa hadharani Boston mwaka 1846, kazi ikiwa imekwisha anza; lakini mwaka 1849 haikuwa ngeni kiasi hicho. Mwishowe alitumia uzi wa madini ya fedha, tundu likaziba. Mwaka 1852 aliitangaza njia yake kwa maandishi, na mwaka 1855 akaanzisha hospitali ya wanawake huko New York.

Jambo moja husahauliwa mno. Madaktari wenziwe walipochoka wakamwacha, wanawake wale wale ndio waliowashika wenzao na kumsaidia Sims kazi. Waliujua ufundi ule kwa mikono na kwa maumivu, kabla ya madaktari wengi wa Ulaya. Hata hivyo hawakuacha neno lao wenyewe. Tunayoyajua juu yao yamepita katika kalamu ya Sims, naye aliandika kwamba walikuwa radhi, tena wakimsihi awapasue.

Hapa ndipo penye swali. Hatuna sababu ya kukana kwamba mwanamke anayevuja mkojo mwaka mzima hutamani kupona. Huenda walisihi kweli. Lakini ridhaa ni neno la mtu awezaye kukataa. Mtumwa wa Alabama alikuwa mali kwa mujibu wa sheria, na mwenye kutoa ruhusa alikuwa bwana wake. Nasi wa pwani tusijifanye wageni wa mambo haya: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, na suria hakuulizwa kama aridhia kuzaa.

Je, tuutupe basi ujuzi huu? Haiwezekani, na tena ingekuwa kuwadhulumu wale watatu mara ya pili. Mjini Addis Ababa, Catherine na Reginald Hamlin walifungua hospitali ya fistula mwaka 1974. Miongoni mwa wapasuaji wake hodari ni Mamitu Gashe, aliyewafikia madaktari hao akiwa mgonjwa asiyejua kusoma, akajifunza kazi kwa kuwatazama. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT imewatibu wanawake wengi bila ya malipo, hata kuwapelekea nauli kwa simu ya mkononi. Sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani ya Central Park, New York, mwaka 2018, nasi hatukusikitika. Ila kuondoa sanamu ni kazi ya asubuhi moja.

Iliyo ngumu iko kwetu. Tumepata kukaa kwenye benchi la hospitali moja, tukamwona muuguzi akimweleza mjomba wa binti mmoja habari za upasuaji, kwa upole na kwa ukamilifu, kisha akampa karatasi atie saini. Binti, mtu mzima mwenye akili zake, alikuwa ameketi baina yao. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Mjomba ndiye aliyelipa nauli, na desturi yetu humtanguliza mkubwa. Twaiheshimu desturi hiyo katika posa na katika matanga. Lakini mwili ule haukuwa wa ukoo. Muuguzi angaliweza kumgeukia binti, akayasema maneno yale yale kwa lugha aijuayo, akangoja jibu, hata kama jibu lingekuwa hapana, na hata kama mjomba angenuna.